Kuboresha maji baridi ya kutunzia mishipa ya damu kabla haijapandikizwa

Kwenye upasuaji wa kuupa moyo njia mpya ya damu kuna kitu kimoja ambacho hakiangaliwi na mtu. Vena ndefu imeshatolewa mguuni, imelazwa kwenye bakuli, imemwagiwa maji ya chumvi, iko pembeni ya meza inasubiri. Macho yote yako kifuani. Zinapita dakika 40, saa moja, wakati mwingine zaidi. Halafu daktari mkuu ananyoosha mkono, anapewa, anashona, na kila aliyemo mle ndani anaamini kwamba kilichoshonwa ndicho kilichotolewa. Mara nyingi sicho.

Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kufanya kitu kuhusu bakuli lile: wanafunzi wa fiziolojia, wataalamu wa maabara, madaktari vijana wanaotafuta mada ya utafiti, na manesi wa thieta ambao ndio hasa wanaomimina hayo maji. Sehemu kubwa ni kazi ya maabara, kwa ateri za mbuzi kutoka machinjioni. Ya thieta nimeyaweka mwishoni. Nitangulize jambo moja: maji unayochanganya kwa mikono yako hayagusi mshipa wa mgonjwa. Yanaanzia maabara na kuishia maabara.

Hatua ya 1: Jua unalinda nini

Mshipa wa damu una tabaka tatu. La nje ni nyuzinyuzi zinazoushikilia, la katikati ni misuli laini, na la ndani ni safu moja tu ya seli iitwayo endothelia. Safu hii ndiyo inayoizuia damu isigande ovyo, na ndiyo inayotoa nitriki oksidi, gesi inayoiambia misuli ilegee. Ukiifuta, mshipa bado utaonekana mzima. Rangi ipo, unanyumbulika, unashoneka vizuri. Lakini damu ikirudi, chembe sahani zinanata kwenye ukuta uliobaki wazi, na baada ya miezi misuli inaanza kuotea ndani mpaka njia inaziba.

Alexis Carrel alizihifadhi ateri kwenye baridi kule New York na kuzishona tena kwa wanyama, na damu ikapita. Mwaka 1910 aliandika kuhusu uhai uliojificha ndani ya ateri zilizokaa kwenye jokofu, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kushona mishipa na kupandikiza viungo. Mwaka 1951 Charles Dubost wa Paris alimtoa mgonjwa aota (mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo) iliyovimba, akaweka mahali pake aota ya marehemu iliyokuwa imehifadhiwa. Mishipa ile ilifanya kazi ya bomba, na kwa aota, ambayo ni pana, bomba linamvusha mtu. Kwa vena ya milimita 4 inayolisha moyo, bomba halitoshi. Kwa hiyo kipimo chako tangu leo kisiwe “mshipa haujaoza”. Kiwe “endothelia iko hai na inafanya kazi”.

Hatua ya 2: Elewa jinsi baridi inavyoua

Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanachanganya maji bila kujua kila kitu kimewekwa kwa nini.

Tunajua baridi inahifadhi. Kila joto likishuka nyuzi 10, kazi ya kemia ndani ya seli inapungua mara 2 hadi 3, kwa hiyo kwenye nyuzi 4 seli inabaki na takriban sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake ya kawaida. Hiyo ndiyo faida. Hasara ya kwanza ni pampu. Seli ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani saa zote, na baridi inaifanya isinzie. Sodiamu inaingia, kloridi inaifuata, maji yanaifuata kloridi, seli inavimba. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa maji ya kuhifadhia viungo, tangu zamani, wamekuwa wakiweka sodiamu kidogo, na sukari au molekuli kubwa zisizopenya kwenye seli ili ziyashike maji huko nje. Maji ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, yale ya Belzer na Southard ya miaka ya 1980, yana laktobionati, rafinosi na wanga maalumu kwa kazi hiyo. Maji ya Bretschneider wa Ujerumani yana histidini nyingi na manitoli.

Hasara ya pili ilichelewa kueleweka, na kwa mishipa ya damu naiona kubwa kuliko ile ya kwanza. Kila seli ina madini ya chuma, mengi yakiwa yamefungwa salama ndani ya protini. Baridi inapoingia, sehemu ya chuma hicho inabaki huru. Chuma huru kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli huitengeneza kila siku, zinazaliwa radikali kali zinazochoma mafuta ya utando wa seli na kutoboa mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli. Ursula Rauen na Herbert de Groot wa Essen, Ujerumani, walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba seli nyingi zinazofia kwenye baridi zinauawa na chuma chao wenyewe, na kwamba ukiweka dawa ya kukamata chuma zinaishi. Cha kushangaza, yale maji ya Wisconsin yaliyookoa maini na figo nyingi hayakuzuia jeraha hili, na kwa baadhi ya seli yalilizidisha. Mwaka 2008 Wille, de Groot na Rauen walichapisha kazi yao juu ya vipande vya aota ya nguruwe: maji yenye potasiamu nyingi, kloridi nyingi, glisini na dawa za kukamata chuma yaliitunza endothelia vizuri zaidi kuliko maji ya chumvi na kuliko maji ya kawaida ya viungo. Kutoka njia hiyo yakatoka maji ya mishipa yanayouzwa Ulaya kwa jina la TiProtec.

Kwa ufupi, una maadui wawili, uvimbe na chuma. Anayepigana na uvimbe peke yake anapigana na nusu ya vita.

Hatua ya 3: Pata ateri

Maandiko mengi yanatumia nguruwe. Kwetu mbuzi ni rahisi zaidi kupatikana, na hakuna atakayekataa kushika sampuli kwa sababu za dini. Ateri ya shingo ya mbuzi ni ndefu, imenyooka, haina matawi mengi, na ukiikata vizuri inakupa pete nyingi kutoka kwa mnyama mmoja.

Zungumza kwanza na daktari wa mifugo anayekagua nyama pale machinjioni. Akupe ruhusa kwa maandishi, na uchukue tu kwa mnyama ambaye ameshapitishwa. Vaa glavu, miwani na barakoa. Brusela na homa ya Bonde la Ufa si hadithi za vitabuni. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja mchinjaji aliniangalia nikivuta ule uzi mweupe shingoni, akaniuliza, “Daktari, hiyo si nyama, haina hata ladha. Unampelekea nani?” Nilipomweleza alicheka, na tangu siku hiyo akawa ananiwekea shingo pembeni kabla hajazigusa na panga. Msaada wa mtu kama huyo una thamani kuliko mashine, kwa sababu dakika zinazopita kati ya kisu na baridi ndizo zinazoamua kila kitu. Lenga dakika 20, na uziandike kwa kila mnyama.

Shika ateri kwa mafuta na nyuzi za nje. Usiibane kwa kibano katikati, usiivute kama unayetoa uzi kwenye nguo, na usiingize kitu chochote ndani ya tundu lake. Sukuma damu itoke kwa sindano isiyo na ncha na maji baridi, polepole, ukiiacha ncha ya pili wazi ili presha isipande. Damu ikibaki ndani itaganda, na wakati wa kuitoa utaikwangua endothelia yote.

Hatua ya 4: Changanya maji

Andaa makundi manne. La kwanza ni maji ya chumvi ya 0.9%, yale ya dripu, kwa sababu ndiyo yanayotumika na lazima uonyeshe unayashinda. La pili ni maji ya viungo yanayouzwa, ya Wisconsin au ya Bretschneider. Hospitali inayopandikiza figo huwa na chupa iliyofunguliwa ikabaki. La tatu ni maji yako ya msingi. La nne ni maji yako hayo hayo pamoja na dawa ya kukamata chuma. Kati ya la tatu na la nne pawe na tofauti moja tu, la sivyo hutajua ni nini kilichofanya kazi.

Huu ni mchanganyiko wa msingi wa kujifunzia, unaofuata njia ya Essen, kwa lita moja. Kloridi ya potasiamu gramu 6.93, sawa na milimoli 93. Kloridi ya magnesiamu yenye maji sita gramu 1.63, milimoli 8. Sukrosi gramu 6.85, milimoli 20. Glukosi gramu 1.80, milimoli 10. Glisini gramu 0.75, milimoli 10. Asidi ya alfa-ketoglutariki gramu 0.29 na triptofani gramu 0.41, milimoli 2 kila moja. Bafa, yaani kitu kinachozuia pH (kipimo cha asidi) isiyumbe, ni N-asetilihistidini milimoli 30, ambayo kwa aina yenye molekuli moja ya maji ni gramu 6.46. Kalsiamu ni chembe tu: milimoli 0.05, yaani miligramu 7.35 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili.

Usishangae kuona histidini imevaa kofia ya asetili. Histidini ya kawaida ni bafa nzuri, lakini wale wa Essen waligundua kwamba ikizidi, nayo inaziumiza seli kwa njia ya chuma kile kile. Glisini nayo haikuwekwa kuongeza uzito. Inasaidia utando wa seli usivuje pale nguvu inapokwisha. Na kloridi nyingi iliyoonekana ya hatari kwa sababu ya uvimbe inavumilika hapa, kwa kuwa sodiamu ni kidogo na seli za mishipa hazifanani na za ini kwa kila jambo.

Yeyusha vyote isipokuwa kalsiamu kwenye mililita 800 za maji yaliyosafishwa kwa ajili ya maabara. Triptofani ni mvivu, mpe muda na msokoto wa sumaku. Rekebisha pH ifike 7.0 kwa sodiamu haidroksaidi, tone kwa tone. Sasa weka kalsiamu, jaza mpaka lita moja, pima osmolaliti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka, na uridhike ikiwa karibu na miliosmoli 300. Ikiwa 340, umekosea mzani mahali fulani. Usiendelee kwa matumaini. Chuja kwa kichujio cha mikrometa 0.22, gawa kwenye chupa ndogo, andika tarehe.

Kuhusu pH kuna mtego ambao huwa naupenda kwa sababu unawanasa hata wakubwa. Bafa nyingi hubadilika na joto. Bafa iitwayo Tris ukiipima 7.4 kwenye nyuzi 25, ikiingia kwenye friji la nyuzi 4 inapanda mpaka karibu 8.0. Jamii ya histidini nayo inapanda, ingawa si sana. Kwa hiyo pima mara mbili, kwenye joto la chumba na kwenye baridi, na uandike namba zote mbili. Ukiandika moja tu, atakayerudia kazi yako atatengeneza maji mengine.

Dawa ya kukamata chuma iliyo karibu nawe ni deferoksamini, ile ile wanayopewa wagonjwa waliojaa chuma kwa kuongezewa damu mara nyingi. Kwa mikromoli 100 unahitaji miligramu 66 kwa lita, kwa hiyo chupa moja ya miligramu 500 inatosha lita 7 na ushee. Udhaifu wake ni kwamba inaingia kwenye seli taratibu mno. Kwa hifadhi ya siku mbili au tatu inapata muda. Kwa saa mbili haijafika mahali. Ndiyo maana ndani ya TiProtec wameongeza molekuli ya pili, ndogo, inayopenya haraka. Maabara nyingi hutumia dipiridili kuonyesha jambo hilo hilo, lakini hiyo ni sumu na haina nafasi karibu na binadamu.

Hatua ya 5: Itawale baridi yenyewe

Maji bora kwenye friji bovu ni kazi bure. Lengo ni nyuzi 2 hadi 8, na mimi napenda 4 isiyotikisika. Usitumie mlango wa friji. Usitumie friji lenye chakula cha mchana cha watu, si kwa usafi tu bali kwa sababu linafunguliwa kila dakika kumi. Weka kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini kabisa, kisome asubuhi na jioni, na ujaze daftari.

Adui mkubwa hapa ni kuganda. Tunaogopa joto mpaka tunasahau kwamba barafu ndani ya seli inaua kuliko saa kumi za uvuguvugu. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba ateri kutoka machinjioni kwa bodaboda, kwenye kasha la baridi nililojaza pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza. Foleni, jua, saa nzima barabarani, na mimi najisifu kwamba kasha lilikuwa baridi kweli kweli. Nilipolifungua, mirija miwili iliyoegemea pakiti ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Niliigeuza, maji yalichezacheza katikati, lakini kwenye ukuta kulikuwa na kiganda cha barafu chembamba kama ganda la yai, na ndani yake ateri imelala. Baada ya kuyeyuka zilionekana nzuri tu. Kwenye mashine ya kupima nguvu ya misuli hazikujikunja hata gramu moja.

Aliyenipa jibu ni nesi wa kliniki ya watoto. Wanaobeba chanjo wanalijua hili kuliko sisi wa maabara, kwa sababu chanjo ya homa ya ini na ile ya pepopunda zikiganda zinaharibika. Pakiti ya barafu haiingii kwenye kibebeo ikiwa kavu. Unaiacha mezani mpaka itoe jasho, unaitikisa karibu na sikio, na ukisikia maji yanacheza ndani, hapo imefika nyuzi sifuri na haitagandisha kitu. Fanya hivyo hivyo. Pia zungushia mirija taulo au sponji, isigusane na pakiti. Vibebeo vya chanjo vyenyewe ni vizuri sana kwa kazi hii, na kila kituo cha afya kina mtu anayejua kuvitumia.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia. Chupa za maji zilizopangwa chini ndani ya friji zitalishikilia joto kwa muda mrefu kuliko hewa tupu.

Hatua ya 6: Panga jaribio ili lisikudanganye

Kata kila ateri pete za milimita 4 kwa kisu kipya kwenye kibao chenye maji baridi. Zigawe pete za mnyama mmoja kwenye makundi yote manne, kwa kura. Ncha ya karibu na moyo na ile ya karibu na kichwa hazifanani. Bakiza pete ya kupima ikiwa mbichi siku hiyo hiyo, na nyingine uiue makusudi kwa kuigandisha na kuiyeyusha mara tatu. Ya kwanza inakuonyesha dari, ya pili sakafu. Mtu mwingine aandike namba kwenye mirija, ili unapopima usijue ipi ni yako. Najua unajiamini. Fanya tu.

Muda: saa 24, saa 72, na siku 7. Maji yawe mengi, mililita 20 kwa pete chache, na kila muda uwe na mrija wake, usiofunguliwa kabla. Maji yakifanya ukungu, yamevamiwa na bakteria: tupa, andika umetupa, usipime.

Kosa ninaloliona kila mwaka kwenye tasnifu: mbuzi 6, pete 4 kila mmoja kwa kila kundi, halafu mwanafunzi anaandika sampuli 24. Hapana. Sampuli ni 6. Pete ni vidole vya mkono mmoja. Chukua wastani wa kila mbuzi kwanza.

Hatua ya 7: Pima

Kabla hujapima chochote, rudisha joto. Jeraha la chuma linaanza kwenye baridi, lakini sehemu kubwa inajitokeza seli inapopashwa moto na kupewa oksijeni, kama ilivyo damu inaporudi baada ya kushona. Pete iliyotoka kwenye friji na kuwekwa moja kwa moja chini ya hadubini itakuambia uongo mtamu. Ihamishie kwenye maji ya Krebs (maji ya chumvi na sukari yanayofanana na majimaji ya mwili) ya nyuzi 37 yanayopulizwa oksijeni 95% na kabonidayoksaidi 5%, ikae angalau saa moja.

Kipimo cha bei nafuu ni rezazurini. Ni rangi ya bluu ambayo seli hai huigeuza kuwa ya waridi. Pete inakaa ndani yake kwenye nyuzi 37 kwa saa moja au mbili, halafu unasoma kwa mashine ya mwanga na kugawa kwa uzito wa pete. Hata kwa macho utaona: mrija wa pete mbichi unakuwa waridi kama juisi ya tikiti, wa pete iliyouawa unabaki bluu ya wino, na makundi yako yanajipanga katikati. Tatizo ni kwamba misuli ni mingi kuliko endothelia, hivyo rezazurini inausemea ukuta mzima. Inaweza kuwa waridi kabisa huku safu ya ndani imekwisha.

Kwa hiyo kipimo cha kweli ni cha pete kuning’inizwa kwenye ndoano mbili ndani ya maji ya Krebs, ndoano moja ikiwa imefungwa kwenye kipima nguvu. Ipe mvuto, kwa ateri ya mbuzi anza na gramu 2, badilisha maji kila dakika 15 kwa saa moja au saa na nusu. Halafu fuata utaratibu huu. Weka potasiamu ya milimoli 60, uone misuli inajikunja kwa nguvu kiasi gani. Osha mpaka irudi. Weka noradrenalini mpaka ijikunje kwa kiasi cha kati na kutulia. Sasa ongeza asetilikolini kidogo kidogo, kuanzia moli 10⁻⁹ kwa lita mpaka 10⁻⁵. Endothelia ikiwa hai itatoa nitriki oksidi na mstari kwenye skrini utashuka. Mwisho weka nitroprusidi, ambayo inatoa nitriki oksidi yenyewe bila kuihitaji endothelia. Funika chupa yake kwa karatasi ya fedha, mwanga unaiharibu.

Kusoma matokeo si kugumu. Pete inayojikunja vizuri, inayolegea kwa asetilikolini na kwa nitroprusidi, iko salama. Inayojikunja, isiyolegea kwa asetilikolini lakini inalegea kwa nitroprusidi, misuli yake ni mizima na endothelia imekufa. Hii ndiyo sura ya kawaida ya mshipa uliokaa kwenye maji mabaya, na ndiyo inayowapita watu bila kuonekana. Isiyojikunja kabisa imekufa yote. Kabla ya kulaumu maji, angalia pete yako mbichi: ikiwa nayo hailegei, tatizo ni mikono yako au ndoano iliyokwangua. Na usichukulie kwamba kila ateri inalegea kwa asetilikolini. Ateri ya moyo ya nguruwe, kwa mfano, inajikunja. Huko watu hutumia bradikinini.

Hatua ya 8: Boresha kitu kimoja kwa mara

Matokeo yakishakaa mezani, kishawishi ni kuongeza kila kitu ulichosoma: vitamini, melatonini, juisi ya kila mti. Ongeza kimoja. Mimi ningeanza na wingi wa deferoksamini (mikromoli 50, 100, 500), kisha kloridi kwa kuibadilisha na laktobionati, kisha ndipo nifikirie vingine. Andika pia bei ya lita. Maji yanayoshinda kwa asilimia mbili na kugharimu mara kumi hayatanunuliwa na mtu.

Hatua ya 9: Kinachowezekana thieta

Rudi kwenye lile bakuli. Maji ya chumvi ya 0.9% yana sodiamu na kloridi milimoli 154 kila moja, na basi. Hayana bafa, hayana sukari, hayana kalsiamu, na pH yake kwenye chupa huwa karibu 5.5. Ni dripu nzuri kwa mtu mwenye mapafu na figo za kuyasahihisha. Kipande cha vena hakina figo.

Mwaka 2014 zilichapishwa takwimu kutoka utafiti wa Marekani uitwao PREVENT IV, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000 wa upasuaji wa moyo. Vena zilizosubiri kwenye maji yenye bafa ziliziba kidogo kuliko zilizosubiri kwenye maji ya chumvi au kwenye damu ya mgonjwa. Wagonjwa hawakugawiwa maji kwa kura, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kila kitu, lakini unatosha kufungua mazungumzo kwenye kikao cha idara: maji gani yenye bafa yameidhinishwa, yapo stoo, na bei yake ni ipi? Maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya vena yapo sokoni pia.

Kwa vena inayosubiri saa moja au mbili, maoni yangu ni kwamba baridi si jambo la kwanza. La kwanza ni mikono. Sindano ya mkono ikipuliza vena kutafuta tundu linalovuja hupita presha ya milimita 300 za zebaki bila jasho, wakati vena mguuni kwa kawaida haioni hata nusu ya hiyo. Endothelia inapasuka hapo hapo, na hakuna maji yatakayoirudisha. Tumia kifaa kinachozuia presha isipande, au pima. Domingos Souza wa Örebro, Sweden, aliachana na kuvua vena mafuta yake. Anaitoa pamoja na nyama laini inayoizunguka, haipulizi, na vena zake zimedumu. Papaverini, dawa ya kulegeza mshipa, nayo ni ya asidi, isipakwe ndani ya mshipa bila kuchanganywa vizuri.

Baridi inakuwa jambo la kwanza pale mshipa unapokaa siku. Kwenye nchi zinazopandikiza viungo vya marehemu, mishipa ya nyonga hutolewa pamoja na kiungo, ikawekwa akiba iwapo mshipa wa ini au figo utakuwa mfupi. Kanuni za Marekani zinataka akiba hiyo ikae kwenye maji ya viungo yaliyoidhinishwa, kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya vifungashio vitatu tasa, ikaguliwe kila siku, na iteketezwe kabla ya siku 14 kupita. Kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai, ndivyo ilivyokuwa Muhimbili walipoanza Novemba 2017, na figo inahama chumba hadi chumba, si mji hadi mji. Lakini daftari la siku 14 ni zuri kuanza nalo hata kama una mrija mmoja tu: jina la sampuli, saa iliyotolewa, maji na namba ya toleo lake, joto la asubuhi, joto la jioni, sahihi ya aliyesoma. Wiki yangu ya kwanza na daftari, sahihi za Jumamosi na Jumapili zilikuwa za kalamu moja, saa moja, mwandiko wa Jumatatu. Nunua kipimajoto kinachojiandikia chenyewe.